Inzi wa Macho ya Chai

2 Juni

Daktari Sonal amenipa daftari hili na amri moja: niandike kila siku, hata siku ambayo hakuna kitu.

"Andika yote, Mama Murugi. Joto, chupa, nani amefungua mlango. Ile kitu unaona ni ya bure, hiyo ndiyo tutatafuta baadaye."

Yeye ni mwalimu wa baiolojia hapa chuoni Nyeri, mjukuu wa Shantilal wa duka la vyuma mjini. Nilimwona akiwa na sare ya shule, leo ananiamuru. Mimi ni Njoki, mtunzaji wa maabara hii kwa miaka ishirini na sita. Nimepika uji wa inzi na kuosha chupa zao. Kuhesabu walihesabu wengine. Sasa kijana aliyekuwa akihesabu amepata kazi Nairobi, na Daktari amenifundisha mimi. Nimeamua kwamba mbele ya daftari itakuwa hesabu yake, na nyuma itakuwa yangu. Si anataka yote? Basi yatakuwapo.

Kisa chenyewe ni hiki. Jana, katika chupa namba saba, alitoka dume mmoja mwenye macho ya rangi ya chai ya maziwa. Inzi hawa wadogo wa ndizi wana macho mekundu, wote, tangu nilipoanza kuwapikia. Huyu peke yake ndiye amezaliwa hivi. Daktari alikaribia kucheza. Anataka kujua rangi hiyo inarithiwa vipi, na njia ya kujua ni kuwaoza: huyu na yule, kisha watoto wao, kisha wajukuu, na kuhesabu kila kizazi.

Leo nimemweka dume huyo na majike sita ya macho mekundu. Lazima majike wawe hawajajua dume, kwa maana jike akipandwa mara moja tu hubeba mbegu hizo siku nyingi, na hesabu yote huharibika. Daktari huwaita mabikira bila haya yoyote. Mimi ni mama wa kanisa, nimeandika kwenye chupa "wasichana".

Ukungu haujaondoka tangu asubuhi. Gathano, baridi yetu hii ya katikati ya mwaka, imeanza mapema.

3 Juni

Baridi. Hakuna kitu.

7 Juni

Nimeenda Endarasha kumwona binti yangu Murugi. Amebakisha mwezi mmoja ajifungue. Picha ya hospitali inaonyesha ni mvulana, na mkwe wangu Peterson anatembea kijijini kifua mbele, utadhani ndiye aliyembeba.

Babake Peterson, Mzee Kingori, alinikaribisha mwenyewe. Mtoto wa kwanza wa kiume huitwa kwa jina la baba ya baba, ndiyo desturi yetu, kwa hivyo mzee huyu anajizaliwa upya. Alinionyesha hata mahali atakapomfundishia mjukuu kupanda viazi.

Murugi alinisubiri mpaka tukawa peke yetu jikoni. "Mama, huyu hatakuwa kama Mugo?"

Nikamjibu haraka, sikumwacha amalize. "Jina ni la kwao. La kwetu halimo. Usiwe na wasiwasi hata kidogo."

Akacheka, akashika tumbo. Sijamsikia akicheka hivyo tangu tumzike nduguye.

Niandike hili pia, kwa kuwa niliambiwa niandike yote. Mugo alikuwa ndugu yangu. Miguu ilimwisha akiwa mdogo, akafa kijana. Nilipozaa mtoto wangu wa pili wa kiume, jina lilikuwa litoke upande wangu. Lingekuwa la baba yangu, lakini mimi nikaomba awe Mugo, kwa sababu nilikuwa nimemlilia ndugu yangu na sikuwa nimemaliza. Mama mkwe wangu alinionya kitandani kabla damu haijakauka: "Aliyeenda hivyo haitwi tena. Utamwita aje na miguu yake." Nikamwita. Mtoto alikuwa na miaka mitano alipoanza kuanguka kwenye ngazi za mlango wetu pale Giakanja. Akiwa na kumi na moja aliacha kutembea. Alikufa miaka mitatu iliyopita, akiwa na ishirini na mmoja. Nyumbani hakuna anayelitaja jina hilo. Mimi ndiye niliyemwita.

12 Juni

Mayai yamekuwa funza, funza wanapanda ukutani mwa chupa. Manyunyu kutwa.

16 Juni

Watoto wa yule dume wametoka. Mia moja sitini na watatu, wake kwa waume, na wote wana macho mekundu. Nikasikitika kwa ajili ya Daktari, nikamwambia kile kitu chake kimekufa.

"Haijakufa. Imejificha tu," akasema. "Sasa utaona wajukuu."

Nimewaoza ndugu kwa dada zao. Kwa inzi si dhambi. Katika chupa nyingine nimeweka baadhi ya mabinti hawa pamoja na baba yao, na hiyo nimeifanya nikiwa nimefumba jicho moja. Daktari anataka tupate majike wenye macho ya chai.

20 Juni

Stima ilipotea saa sita. Kabati la joto likapoa. Nimelifunika kwa koti langu na magunia mawili, nikakaa nikitetemeka ili watoto wa inzi wapate joto. Mume wangu Wamae akisikia atasema nimerukwa na akili.

21 Juni

Stima imerudi. Mafua.

26 Juni

Murugi amepiga simu. Mtoto anapiga mateke usiku kucha. "Ako na miguu ya nguvu, Mama!" Nikamwambia amsifu Mungu.

3 Julai

Wajukuu wametoka. Nimehesabu mara tatu, kwa maana mara ya kwanza nilidhani nimechoka. Majike mia mbili na kumi na wawili, wote macho mekundu. Madume mia moja na wanane macho mekundu, tisini na saba macho ya chai. Hakuna jike hata mmoja wa chai. Ugonjwa ule, nimeandika ugonjwa, nilitaka kuandika rangi. Rangi ile imewapata vijana tu, nusu yao.

Daktari alichora ubaoni. "Angalia, Mama Murugi. Msichana anapewa nakala mbili, moja ya baba, moja ya mama. Moja ikiwa mbaya, ile ingine inamfunika. Anakaa poa, hata hajui. Kijana anapewa moja peke yake, na hiyo inatoka kwa mama. Ikiwa ni ile mbaya, hana ya kumfunika."

"Na baba yake?"

"Baba hampi kijana hiyo nakala. Hapa baba hana neno."

"Na huyo mama haumwi."

"Haumwi. Anabeba tu. Kila kijana akizaliwa ni kurusha shilingi."

Nilimwambia etha, dawa ya kuwalaza inzi, imeniingia machoni, nikaenda kuosha chupa ambazo zilikuwa safi.

Mama yangu alibeba kuni mpaka akafika miaka themanini. Kati ya wanawe wa kiume, mmoja miguu ilimwisha. Mimi sijawahi kulazwa hospitali ila kwa kuzaa. Nina vijana wawili: Gicheru anarusha magunia ya mchele kule Wang'uru kama mchezo, na Mugo yuko chini ya mti wa parachichi. Shilingi ilirushwa mara mbili.

Na binti ninaye mmoja. Hajawahi kuumwa hata jino.

Pengine nilijua. Somo hili limefundishwa nyuma ya mgongo wangu miaka ishirini na sita, kwa sauti kubwa, nami nikiwa kwenye sinki. Daktari wa Mugo naye alisema kitu kuhusu upande wa mama, nikamwambia ndiyo, jina ni la upande wangu. Nilichagua jina. Jina nililitoa mimi kwa mdomo, na kitu cha mdomo mtu anaweza kukiombea msamaha. Hiki kingine nakiombea msamaha kwa nani?

4 Julai

Sikumwambia mtu. Ukungu.

5 Julai

Sikumwambia. Amebakisha siku chache, nimwambie ili iweje?

7 Julai

Daktari anataka tuipe rangi ile jina. Mvumbuzi ana haki ya kuita, ndivyo wafanyavyo watu wa inzi dunia nzima. "Wewe ndiye ulihesabu. Ita vile unataka. Hata jina ya mtu wenu."

Nikamwambia aiite Chai. Jina la mtu sitoi tena.

9 Julai

Asubuhi saa moja niliifungua ile chupa ya mabinti na baba yao, nikatoa inzi wote wakubwa. Jike huchukua muda wa saa nane hivi tangu atoke kabla ya kukubali dume, kwa hivyo wote watakaotoka mpaka jioni wangekuwa wasichana halali, na miongoni mwao wangekuwapo majike wa chai wa kwanza. Hao ndio tungewaoza kwa madume mekundu ili kumaliza ubishi: kama rangi inapita kwa mama peke yake, basi watoto wao wa kiume wote watakuwa chai, na wa kike wote wekundu.

Saa tatu simu ikalia. Peterson. "Mama, ameanza. Tuko njiani tunakuja hospitali ya hapo mjini."

Nikaacha chupa, nikaacha miwani, nikaenda.

Amezaliwa saa kumi na moja jioni. Kilo tatu na nusu. Mzee Kingori alikuwa ukumbini na kofia yake mkononi, akauliza muuguzi, "Ni mimi?" Muuguzi akasema, ni wewe, Mzee. Watu wote wakacheka. Nami nilicheka. Nilipompokea mtoto, mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye mashavu ya miguu yake, ukayaminya. Nyama laini ya mtoto, basi. Murugi aliniona. Akanitabasamia, akidhani ni mapenzi. Yalikuwa mapenzi pia.

10 Julai

Nimerudi maabara saa nne. Chupa imekaa zaidi ya siku nzima, majike wa chai tisa, na kaka zao wengi ndani pamoja nao. Yafaa kuwamwaga na kungoja wengine. Sikulala jana na sikutaka kungoja. Nimewatoa, nimewaweka na madume mekundu, nimeandika mbele ya daftari: wasichana tisa.

Huku nyuma naandika kwamba sijui kama ni wasichana.

15 Julai

Mvua nyembamba. Mtoto ananyonya vizuri.

24 Julai

Daktari amehesabu mwenyewe leo. Madume wote chai, kama alivyosema. Lakini miongoni mwa majike, thelathini na mmoja wana macho ya chai! Baba yao ni mwekundu, alipaswa kuwafunika wote. Daktari ameketi na kalamu mdomoni. "Haiwezekani. Ama sheria yetu si sheria. Labda hii kitu haipiti kwa mama vile tulifikiria."

Labda haipiti kwa mama. Nimeandika maneno hayo mara mbili ili niyaone. Labda haipiti kwa mama.

27 Julai

Nimeenda kanisani na nikaimba. Wamae akanitazama kando. Baada ya ibada tulikwenda Endarasha na ndizi na kuku wawili. Ngendo, dada yake Mzee Kingori, mwanamke mwenye ulimi wa wembe, alimnyanyua mtoto juu: "Huyu ni Kingori mtupu! Angalia paji! Hakuna mtu wa Giakanja hapa." Nikasema kwa furaha, hakuna, hakuna kabisa.

28 Julai

Sikulala. Wale tisa walikuwa chupani na kaka zao usiku mzima. Kaka wa macho ya chai, nusu yao. Binti wa baba wa chai na mama wa chai atakuwa na macho gani? Hata mtoto wa darasa la nane angejibu.

29 Julai

Nimemwambia Daktari.

Nilimfunulia ukurasa wa tarehe kumi, nikamwonyesha neno "wasichana", nikamwambia ni uongo. Nilimwambia kuhusu simu na hospitali. Sikumwambia kwa nini nilitaka uongo uwe kweli.

"Nilikuwa nimeanza kuandikia watu wa Nairobi," akasema. "Ningeaibika, Mama Murugi."

"Najua, Daktari. Nifukuze."

"Nikufukuze nipeleke wapi inzi? Rudia." Kisha akaniuliza, na hapo nilitamani angenitukana: "Wewe hujawahi kukosea mabikira hata wakati wa wale waalimu wengine. Kuna kitu inakusumbua?"

Nikasema baridi.

31 Julai

Nimekaa kando ya chupa tangu asubuhi na chai yangu kwenye thamosi. Kila jike wa chai aliyetoka nilimtoa kabla mabawa hayajakunjuka. Wasichana kumi na wanne, halali mbele ya Mungu na mbele ya Daktari, nimewaweka na madume mekundu.

3 Agosti

Stima hakuna tangu jana usiku, wanasema nguzo imeanguka. Nimebeba chupa sita nyumbani Giakanja ndani ya kikapu, nikazipanga jikoni mbali kidogo na jiko la makaa. Wamae alizitazama alipokuwa akila.

"Hawa ndio unalelea?"

"Ndio."

"Wanakufundisha nini?"

Nikamwambia ale, ugali unapoa.

4 Agosti

Nimeamka mara nne kuongeza makaa.

5 Agosti

Stima. Chupa zimerudi chuoni. Mtoto amepatwa na homa kidogo, imepita.

10 Agosti

Ukungu. Funza wamejifunga ndani ya maganda. Katika chupa moja macho yameanza kuonekana kupitia ganda. Sikuangalia rangi.

14 Agosti

Majike mia moja hamsini na sita, wote wekundu. Madume mia moja arobaini na tisa, wote chai. Wote. Hakuna hata mmoja aliyepona.

Daktari amenikumbatia. Alinuka iliki na etha. "Imekubali, Mama Murugi! Ni ya mama, hakuna maneno tena."

Hakuna maneno tena.

15 Agosti

Nimemwambia Wamae. Nilianza na inzi, nikaishia kwa Mugo. Alikuwa akitengeneza mpini wa jembe na hakuacha.

"Kwa hivyo si jina," akasema mwishowe.

"Si jina."

"Mama yangu alikufa akiamini ni jina."

"Na wewe?"

"Mimi sikuwahi kukulaumu."

"Ulinyamaza."

"Kunyamaza si kulaumu, Njoki."

"Kwa miaka kumi na tisa ni kulaumu."

Akaweka mpini chini. Alikuja akaketi karibu nami kwenye ngazi za mlango, zile zile, nne, ambazo tulimbebea Mugo na kiti chake cha magurudumu kila siku, mimi mbele yeye nyuma. Akasema anamkosa kijana wake. Alisema jina lake, Mugo, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Nikalia kwa sauti mpaka mbwa wa jirani akabweka.

16 Agosti

Mficha maradhi kilio humfichua. Nimekwenda Endarasha peke yangu. Peterson na baba yake walikuwa shambani wakichimba viazi. Murugi alinipa mtoto nimshike ili ateleke maji ya chai. Nikamwambia nikiwa nimemshika, na hilo lilikuwa kosa.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akazima jiko.

"Ulijua lini?"

"Tarehe tatu mwezi wa saba."

"Kabla nizae."

"Ndio."

"Na ukaniambia ni jina ya kwao. Ukaimba kanisa."

"Siku ya jina sikuwa nimejua. Siku ya kuimba, nilikuwa nimejidanganya."

Akaja akamchukua mtoto mikononi mwangu, polepole, kama mtu anayechukua chombo kutoka kwa mlevi. Aligeukia ukuta. Nilimweleza kwamba huenda hakupata kwangu ile nakala mbaya, kwamba ni nusu kwa nusu, na hata kama anayo, mtoto naye ni nusu kwa nusu. Nilikuwa nikipiga hesabu za inzi juu ya kichwa cha mjukuu wangu.

"Mimi ni chupa gani, Mama?" akauliza bila kugeuka. "Niambie tu. Mimi ni chupa gani?"

Nikasema sijui.

"Basi enda nyumbani."

17 Agosti

Sikwenda kanisani.

18 Agosti

Simu haishikwi.

19 Agosti

Haishikwi. Baridi imenikaa kwenye magoti.

20 Agosti

Saa mbili usiku ameandika ujumbe: "Kesho saa tatu, hospitali. Njoo. Peterson anajua, wazee hawajui."

21 Agosti

Mtoto ana wiki sita na siku moja. Daktari wa watoto alitusikiliza, akasema kipimo cha kwanza ni cha damu: misuli ikiwa inaharibika, kuna kitu huvuja kikaonekana kwenye damu, hata kama mtoto bado anaonekana mzima. Walimchoma. Alilia, kisha akanitazama mimi, akanyamaza, akanicheka kwa ufizi. Murugi alishika mkono wangu alipokuwa akilia, akauachia aliponyamaza.

25 Agosti

Hakuna. Nimeosha chupa.

28 Agosti

Saa saba mchana. Nilikuwa nimeinama kwenye hadubini.

"Mama."

"Nakusikia."

"Ni chai."

Nilimsikia akipumua. Daktari Sonal aliingia akanikuta nimeketi sakafuni, simu sikioni, na simu ilikuwa imekatika kitambo. Nikamwambia yote, kutoka kwa ndugu yangu. Akaketi sakafuni nami na koti lake jeupe. Aliniomba msamaha. Nilimuuliza wa nini, akasema alikaribia kucheza kwa furaha siku ile dume wa chai alipotoka.

30 Agosti

Wametuita Endarasha. Mimi na Wamae tuliketi upande mmoja wa sebule, wao upande wa pili. Murugi na Peterson walikuwa wamewaambia tu kwamba mtoto ana ugonjwa wa misuli, ule wa mjomba wake.

Ngendo ndiye aliyeanza. "Jina libadilishwe. Mimi nimesema tangu usiku. Aitwe jina la mbali, jina ya wazungu tu, hii Kingori itolewe. Jina imeshika kitu mbaya."

Nikamtazama Mzee Kingori. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, sikuwa nimejiandaa kwa nilichokiona. Alikuwa amekunja suruali mpaka magotini na anayatazama mashavu ya miguu yake. Mzee wa miaka sabini na minne, ambaye hupanda mlima na gunia mgongoni.

"Mimi sijawahi kuanguka," akasema kwa sauti ndogo. "Hata siku moja. Sijui jina yangu imekosea wapi."

Nilimjua mtu huyo. Nilikuwa mtu huyo kwa miaka kumi na tisa. Ningenyamaza, angelibeba mpaka kaburini, na mimi ningekwenda nyumbani nikiwa na heshima yangu.

Nikasimama. "Baba Peterson, shusha suruali yako. Si jina. Jina lako ni zima kama miguu yako. Ni mimi. Ugonjwa huu hupita kwa damu ya mama, unampata mtoto wa kiume. Mama yangu alikuwa nao bila kujua, akampa ndugu yangu. Akanipa mimi, nikampa Mugo. Nikampa Murugi, naye hakujua. Hata mngemwita nani, angekuja nao."

Ngendo akasema: "Kwa hivyo mlituletea."

"Tuliwaletea," nikasema. "Murugi hakujua. Mimi nilijua wiki moja kabla azae, nikanyamaza. Mwenye kulaumiwa anilaumu mimi."

Peterson alitoka nje. Murugi alikuwa akinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu tarehe kumi na sita hakuangalia kando. Ngendo aliendelea kusema, na alisema mengi, mengine nimestahili. Mzee Kingori alikuwa akishusha suruali yake, mguu mmoja kisha wa pili, taratibu.

"Huyo wako," akaniuliza, "alitembea mpaka akiwa na miaka ngapi?"

"Kumi na moja."

"Na akianza kuanguka?"

"Mitano."

Akahesabu kwa vidole. "Nitakuwa sabini na tisa." Akamgeukia dada yake. "Ngendo, nyamaza. Jina ni yangu na sijaitisha irudi."

31 Agosti

Tulilala huko kwa sababu ukungu ulifunga barabara. Kulipokucha nikasikia jembe. Nilidhani ni viazi, nikatoka.

Mzee Kingori alikuwa mlangoni pa nyumba yao. Kulikuwa na ngazi tatu za mawe, alizijenga mwenyewe alipooa. Alikuwa ameshang'oa mbili. Peterson alikuwa akisomba udongo kwa karai na kuumwaga, naye mzee anaushindilia kwa mgongo wa jembe, ili kuwe na mteremko tu kutoka uani mpaka ndani, bila ngazi.

"Baba Peterson," nikasema, "mtoto hata hajajua kuketi."

"Udongo inataka muda ishikane," akasema, akaendelea kushindilia.

Nilisimama pale. Murugi alikuja akasimama kando yangu na mtoto amefungwa mgongoni, bega lake likagusa langu. Nyumbani Giakanja tulimbeba Mugo juu ya zile ngazi kwa miaka kumi, asubuhi na jioni, mimi mbele Wamae nyuma. Tulikuwa tunangoja jina limwachie. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufikiria kuzing'oa.

Nikauliza kama kuna karai la pili.